Nimerudi kwenye Frets on Fire baada ya miaka mingi: ni vidole vyangu au ni vyombo?

Jakondele

Wadau, habari zenu. Natafuta mtu anayeifahamu Frets on Fire, gemu ya kupiga gita kwa kibodi ya kompyuta, au hata ndugu zake Guitar Hero na Clone Hero. Naeleza kirefu kwa makusudi, maana nilikouliza kwanza niliambiwa tu nifanye mazoezi.

Waliokuwa Kisumu mwaka 2009 au 2010 wanakumbuka saiba zilivyokuwa. Yetu ilikuwa Kondele, ghorofani, shilingi moja kwa dakika, na intaneti ikikatika mama mwenye saiba hakurudishii pesa. Basi intaneti ikilala, tulihamia kwenye gemu zilizokuwa ndani ya mashine. Kuna kijana aliyeileta Frets on Fire kwa flashi. Ilikuwa ndogo, ya bure, na haikuhitaji mashine yenye nguvu sana. Nilikuja kusoma baadaye kwamba ilitengenezwa Ufini na kikundi kinachoitwa Unreal Voodoo, ikashinda shindano la gemu kwenye tamasha la Assembly mwaka 2006, na kwamba zile nyimbo tatu zilizokuja nayo ni za Tommi Inkilä. Wakati ule hatukujua lolote kati ya hayo. Tulichojua ni kwamba unainua kibodi kutoka mezani, unaipakata jinsi mtu anavyopakata gita, vidole vya kushoto unavipanga F1 hadi F5, na mkono wa kulia unapiga Enter.

Kwa ambaye hajawahi kuicheza: nota zinakujia kwenye njia yenye nyuzi tano, kila uzi na rangi yake. Nota ikikaribia mstari uwe umeshashika rangi yake, ikifika unapiga Enter. Ukipiga visivyo unasikia mlio wa uzi uliokosewa. Ukiiacha ipite, gita linanyamaza. Hapo ndipo gemu hii iliponishika. Ngoma na besi vinaendelea na safari, lakini gita limezimika na saiba nzima imesikia kwamba limezimika. Ukiingia tena kwa wakati, gita linarudi. Nimecheza gemu nyingi tangu hapo na hakuna hata moja iliyonifanya nihisi kwamba wimbo unanitegemea mimi namna ile.

Kibodi tuliyoigombania ilikuwa ya mashine ya karibu na dirisha. Nyeusi, nzito, plagi yake ni ile ya duara ya rangi ya zambarau, na Enter yake ni ile kubwa iliyoshuka safu mbili. Maandishi yake yalikuwa yamefutika yote, imebaki inang'aa. Kaka yangu mkubwa alifunga kamba ya viatu ncha hadi ncha ili aivae begani. Mama mwenye saiba alimkubalia kwa sharti moja: acheze akiwa amekaa, asije akang'oa waya. Kaka alicheza amekaa, macho ameyakaza, mguu wa kulia ukigonga sakafu hadi mtu wa chini anapanda kuuliza kuna nini.

Sasa mwezi uliopita nimeipata ile gemu kwenye diski yangu ya zamani. Bado inafunguka. Nimeiweka kwenye laptopu, nikaunganisha na TV ya ukutani kwa waya wa HDMI, sauti nikaipeleka kwa spika ya Bluetooth, nikachomeka kibodi ya USB ya bei ya kawaida niliyoinunua mjini. Binti yangu wa miaka kumi akakaa pembeni, nikamwambia atazame.

Ikawa haishikiki. Kila nota naipata ikiwa imeshapita. Nikipiga mapema kidogo napata mbili tatu, halafu napotea. Tena kuna jambo la pili: rangi tatu zikija kwa pamoja, moja haishiki hata nikibonyeza kwa nguvu. Na hizi ni nyimbo ninazozijua hadi leo, naweza kukupigia kwa mdomo mwanzo hadi mwisho. Kiwango cha Amazing, kile kigumu kuliko vyote, nilikuwa nakicheza nikizungumza na watu.

Naomba jibu la kweli. Ni miaka imefika kwenye vidole, au kuna kitu kwenye vyombo? Ninachoshuku ni vyombo, kwa sababu binti yangu alijaribu Supaeasy, kiwango rahisi kabisa, na naye pia alikuwa anachelewa, na vidole vyake havina miaka yoyote. Kaka anakuja nyumbani mwezi wa kumi na mbili. Nataka akute gemu imekaa sawa.

FundiKibuye

Omera, ni vyombo. Viache vidole vyako vipumzike kwanza.

Mimi natengeneza TV na redio hapa Kibuye tangu enzi za Great Wall, zile za mgongo. Nikueleze tofauti, maana ndiyo ugonjwa wako wote. TV ya mgongo haikuwa na kazi ya kufikiri. Umeme wa picha unaingia, mwale wa elektroni unachora kwenye kioo mstari baada ya mstari papo hapo, basi. Haiweki picha popote. TV hii yako ya ukutani ni kompyuta. Inapokea picha, inaiweka kwenye kumbukumbu, inaipanua ienee, inaisafisha, inaongeza rangi, na nyingine hubuni picha za katikati ili mwendo uonekane laini. Ndipo inakuonyesha. Kazi hiyo inakula muda, na kwa TV nyingi ukiziacha zilivyotoka dukani unaweza kupoteza milisekunde 100 au zaidi. Ukitazama habari huwezi kugundua, kwa sababu TV inaichelewesha na sauti ili midomo ilingane na maneno. Lakini kidole chako hakuna aliyekichelewesha.

Bluetooth ndiyo mbaya zaidi. Sauti inabanwa, inarushwa, inapokelewa, inafunguliwa, kisha spika inaweka akiba kidogo ndani yake ili isikatike-katike. Kwa spika za kawaida hesabu kati ya milisekunde 150 na 250. Sasa chukua wimbo wa mapigo 120 kwa dakika. Pigo moja ni milisekunde 500. Mpiga gita wa haraka huligawa pigo hilo mara nne, kwa hiyo kila nota ina milisekunde 125. Unaona? Sauti unayoifuata ni ya nota iliyokwisha kwenda zake. Macho yako yanafuata TV, masikio yanafuata spika, na gemu inahesabu kwa saa yake mwenyewe ndani ya laptopu. Saa tatu tofauti. Hata kijana wa miaka kumi na tano angeshindwa.

Saiba ya Kondele haikuwa na shida hiyo kwa sababu kila kitu kilikuwa na waya mfupi. Skrini imechomekwa moja kwa moja, spika mbili ndogo za mezani zimechomekwa nyuma ya mashine, kibodi vilevile.

Fanya hivi. Toa Bluetooth kabisa, chomeka hedifoni ya waya kwenye tundu la laptopu. Toa TV pia, cheza kwenye skrini ya laptopu yenyewe. Nina hakika utajikuta umerudi nusu ya safari bila kugusa kitu kingine. Ukishazoea hapo ndipo urudishe TV, sauti ikiendelea kutoka kwa laptopu kwa waya. Ingia kwenye mipangilio ya picha, tafuta hali ya gemu, iwashe. Kisha zima kila kinachoitwa kulainisha mwendo na kupunguza chenga. Picha itaonekana kavu kidogo. Usijali, inawahi.

Halafu ndani ya Frets on Fire, kwenye mipangilio ya sauti, kuna kitu kinaitwa A/V delay. Hapo unaiambia gemu picha na sauti vinapishana kiasi gani. Wengi hubahatisha nambari. Mimi huwapimia watu hivi: chagua kipande unachokijua kwa moyo, fumba macho, ukicheze kwa masikio tu. Ukifumba macho unapata na ukifumbua unakosa, picha ndiyo imechelewa. Ikiwa unapata kwa macho sauti ikiwa imezimwa, lakini ukiiwasha unapotea, basi ni sauti. Sogeza nambari kidogo kidogo, rudia kipande kilekile, usihamie wimbo mwingine.

Na usije ukakimbilia kununua TV ya mgongo kwa ajili ya laptopu. Ile ni dawa ya PS2, ile mashine ya gemu ya zamani, ambayo inatoa moja kwa moja picha inayoendana na TV ya mgongo. Laptopu itahitaji kigeuzi cha HDMI kwenda AV, na vigeuzi vya bei ya chini navyo vina kuchelewa kwake. Mtu mwenye PS2 na Guitar Hero, huyo ndiye namwambia asiitupe Great Wall ya baba yake.

DadaWaLanet

Mzee Fundi amemaliza ya kuchelewa, mimi nachukua ya kibodi kwa sababu nimepambana nayo hapa Nakuru.

Jakondele, kibodi ya bei ya kawaida haina waya wake kwa kila kitufe. Ndani kuna karatasi za plastiki zenye mistari inayokatana, mingine inaenda kwa safu, mingine kwa nguzo, na kitufe ni pale inapokutana. Ukibonyeza vitufe vitatu vinavyokaa kwenye pembe tatu za mstatili wa mistari hiyo, kibodi haiwezi kujua kama kile cha pembe ya nne kimebonyezwa au la, kwa hiyo inaamua kukataa kile cha tatu. Ndiyo maana rangi mbili zinakubali na ya tatu inagoma. Hata ubonyeze kwa nyundo haitashika. Mpangilio huo wa ndani kila kiwanda kina wake, kwa hiyo unaweza kukuta kibodi mbili za sura moja, moja inakubali F1, F2, F3 pamoja na Enter, nyingine inakataa. Ile ya dirishani kwenu ilikuwa ya bahati. Au mliigombania kwa sababu hiyo bila kujua.

Kabla ya kununua nyingine, badilisha vitufe ndani ya gemu. Si lazima F1 hadi F5. Jaribu nambari 1 hadi 5 za juu, au mchanganyiko wa safu tofauti, na badala ya Enter jaribu Shift ya kulia, ambayo Frets on Fire inaikubali tangu mwanzo kama kitufe cha pili cha kupiga. Shift, Ctrl na Alt huwa na njia zao kwenye kibodi nyingi, hazigombani na wenzake. Kuna kurasa za kujaribia kibodi kwenye intaneti, unabonyeza vitufe pamoja na vinawaka kwenye skrini. Mimi dukani hufungua ukurasa huo kwenye laptopu yangu, nachomeka kibodi, najaribu mbele ya muuzaji ndipo nalipa.

Kuhusu Clone Hero uliyoitaja, ichukue. Ni ya bure, toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2022, na watu wake wapo hadi leo wanaongeza nyimbo kila wiki. Jambo litakalokufurahisha ni kwamba inasoma mafolda ya Frets on Fire vilevile yalivyo: song.ini, notes.mid, song.ogg na guitar.ogg. Yaani kile ulichonacho kwenye diski yako ya zamani unakihamisha kizima. Kuchelewa kwa picha na kuchelewa kwa sauti unavipanga kila kimoja peke yake. Ila ujue kuna nota ambazo huhitaji kuzipiga, unazishika tu ukitoka kwenye nyingine, kwa hiyo mkono wa kulia utabidi ujifunze kutulia.

Mimi nilianzia Guitar Hero III, ya mwaka 2007, kwa jirani yetu Section 58. Hakukuwa na gita, tulicheza kwa padi ya kawaida ya PS2. Gita zenyewe za plastiki huwa naziona mara mojamoja kwa wauza vifaa vya mitumba. Ukikutana na ya PS2 isiyo na waya, uliza kwanza kipokezi chake kiko wapi. Bila kile kipokezi kidogo kinachochomekwa kwenye PS2, gita hilo haliongei na chochote.

MwalimuLurambi

Nimewasoma wote kwa furaha. Nawasalimu kutoka Kakamega. Mimi nafundisha muziki na nimepiga gita zaidi ya nusu ya maisha yangu, kwa hiyo swali langu ni tofauti: mnacheza nyimbo za nani?

Siulizi kwa ubaya. Jakondele amesema maneno mazito sana hapo juu, kwamba gita linanyamaza na saiba nzima imesikia. Huko ndiko kufundishwa muziki. Mtoto anaelewa kwamba ana sehemu yake ndani ya wimbo na hakuna wa kumshikia. Lakini njia ile ya nyuzi tano ilichorwa kwa muziki wa roki, wenye gita moja la mbele. Kwetu huku magita hayakai hivyo. Benga ya wakubwa zetu ina solo, ina ridhimu, ina besi, na hakuna linalomsubiri mwenzake. Mwimbaji akimaliza mstari, solo inauchukua ule mstari na kuujibu. Halafu wimbo ukifika kule mwisho, sauti zinaacha kabisa na magita yanaachiwa uwanja, yanakimbizana. Mwaka huohuo wa 2006 gemu yenu ilipotoka ndio tuliompoteza D.O. Misiani wa Shirati Jazz kwa ajali ya barabarani. Najiuliza kijana wa saiba ya Kondele angefanya nini kama rangi zile tano zingekuja na solo ya benga.

Nimejaribu kuzitengeneza kwa Moonscraper, programu ambayo watu wa Clone Hero huitumia kupanga nota. Nawapa niliyoyaona, huenda yakamfaa mtu.

Kwanza mapigo. Rekodi za zamani zilipigwa bendi nzima kwa pamoja, bila kifaa cha kuhesabu masikioni. Zinapumua. Wimbo unaanza taratibu kidogo, ukifika kule magita yanapokimbizana umeshaongeza mwendo. Ukiweka nambari moja ya mapigo mwanzoni na kuiacha, baada ya dakika moja nota zote zimehama. Lazima uweke alama mpya ya mapigo kila baada ya vipimo vichache, kwa masikio, kwa subira. Ni kazi ya jioni nyingi kwa wimbo mmoja, na ni kazi nzuri kuliko zote, kwa sababu unagundua ni wapi hasa mpiga ngoma alipoamua kusukuma.

Pili rangi. Solo ya benga ina sauti nyingi kuliko tano. Usijaribu kuipa kila sauti rangi yake, utashindwa. Fuata mwelekeo: wimbo ukipanda, vidole viende kulia, ukishuka virudi kushoto, na kirai kinachojirudia kirudi na rangi zilezile. Mchezaji asikie mkono wake unafuata umbo la wimbo.

Tatu, na hapa ndipo nilipokwama. Ili gita linyamaze mtu akikosa, lazima liwe kwenye faili yake peke yake. Rekodi za zamani zimechanganywa zote pamoja. Siku hizi kuna programu ya Demucs, ambayo ina toleo la kutenganisha sauti sita, gita likiwemo. Nimeijaribu. Inatoa gita vizuri kuliko nilivyotegemea, lakini kwake gita ni gita: solo na ridhimu vinatoka vimeshikana. Mchezaji akikosa solo, ridhimu nayo inazimika, na benga bila ridhimu haisimami hata kidogo.

Omutibo, mtindo wa gita wa upande wetu huu, ni shida zaidi. Mtu kama George Mukabi alipiga besi kwa dole gumba na wimbo kwa kidole cha shahada, gita moja, mtu mmoja, pembeni mwenzake akikwaruza chupa ya Fanta. Kitufe kimoja cha kupiga hakiwezi kubeba mikono miwili inayoishi ndani ya mkono mmoja. Hiyo nimeiacha.

Jakondele

Mzee Fundi, asante sana. Nilianza na ulichosema, hedifoni ya waya na skrini ya laptopu, na nota ya kwanza tu nilijua. Ile hali ya kidole na sauti kuwa kitu kimoja ilirudi hapohapo. TV nayo nimeiwasha hali ya gemu, ilikuwa imefichwa ndani ya mipangilio ya ziada. Nikapima kwa kufumba macho. Sauti ilikuwa sawa, picha ndiyo iliyobaki nyuma kidogo, nikasogeza A/V delay hadi vikakutana. Spika ya Bluetooth nimeipeleka jikoni, huko itafaa.

Dada wa Lanet, Shift ya kulia imetatua sehemu kubwa. Rangi tatu za kwanza sasa zinashika. Mbili za mwisho na ya kati bado zinagoma, kwa hiyo Jumamosi nitazunguka na laptopu begani nikajaribu kibodi kadhaa kabla ya kulipa. Clone Hero nimeiweka pia na imezisoma nyimbo za zamani bila swali. Lakini nawaambia ukweli, nimerudi kwenye ile ya mwaka 2006. Clone Hero ni safi, inakwenda vizuri, ina kila kitu. Frets on Fire ndiyo inayonipa ile njia nyembamba yenye moto ninayoijua, na sihitaji zaidi.

Binti yangu ameacha kutazama, sasa anadai zamu. Jana alifika mahali kwenye wimbo ambapo gita linapumzika kidogo halafu linaingia lenyewe, ngoma zikiwa zimetulia. Alikosa kuingia. Akakaa kimya akisikiliza besi ikienda peke yake, akaniangalia, akauliza, "Baba, wananingoja?" Nikamwambia hawangoji, ingia. Akaingia kwa nota iliyofuata.

Mwalimu, maneno yako yamenikosesha usingizi. Babu yangu alikuwa na santuri za benga na sisi tulikua tukizisikia kila Jumapili. Hilo la solo na ridhimu kushikana, nina wazo: badala ya kutenganisha rekodi ya zamani, kwa nini usipige mwenyewe? Umesema unapiga gita. Kitu chako, si lazima kiwe wimbo wa mtu. Solo uirekodi peke yake, ridhimu, besi na ngoma ziwe pamoja kwenye faili nyingine.

MwalimuLurambi

Ndugu yangu, hilo lingekuwa jibu. Vijana wangu wawili wanapiga, mmoja besi na mmoja ridhimu, na ngoma tunayo shuleni. Tutapiga kipande cha dakika mbili, kiishie pale magita yanapoachiwa uwanja. Ila naomba jambo moja: tusipige kwa kifaa cha kuhesabu. Nataka kiongeze mwendo kama inavyotakiwa.

DadaWaLanet

Mwalimu, piga unavyopiga. Alama za mapigo nitaziweka mimi, nina subira hiyo. Lakini kwenye Amazing naomba kila nota iwepo, usitupunguzie hata moja.

MwalimuLurambi

Kwenye Amazing zote zitakuwepo. Kwenye Supaeasy nitamwachia binti wa Jakondele nota za kuingilia tu, zile ambazo solo inamjibu mwimbaji. Nyingine atazichukua akikua.

FundiKibuye

Mkimaliza wekeni faili hapa. Na mwalimu, rekodi kwa waya.